Kuufufua Mto wa Nyanda za Chini na Uwanda Wake wa Mafuriko: Mwongozo Kamili

Watu wengi wakisikia mto unataka kufufuliwa, wanakimbilia miche. Vijana wanaitwa, mashimo yanachimbwa kingo zote mbili, siku inaisha kwa picha na furaha. Ukirudi mwaka wa pili unakuta vijiti vikavu vimesimama kwa mistari, kwa sababu maji yako mita tatu chini ya mizizi na mto bado unapita ndani ya mfereji ule ule. Nimewahi kupanda hivyo mimi mwenyewe, na nilipoviona vile vijiti nilielewa kwamba tulikuwa tumempamba mgonjwa badala ya kumtibu. Tangu hapo nafuata mpangilio mmoja: maji kwanza, udongo baadaye, mimea mwisho.

Mwongozo huu ni wa mito ya nyanda za chini, ile inayoteremka chini ya mita moja kwa kila kilomita na kupinda huku na huku juu ya udongo iliouleta yenyewe kwa maelfu ya miaka. Mto wa aina hii hauishii kwenye kingo zake. Ukijaa, hutoka na kuifunika ardhi tambarare iliyo pembeni, yaani uwanda wa mafuriko. Huko huacha tope lenye rutuba, samaki huingia kutaga kwenye nyasi zilizozama, maji mengine hunywea kujaza akiba ya chini ya ardhi, na yanayobaki hurudi mtoni polepole kwa siku au wiki kadhaa. Mto na uwanda ni mwili mmoja. Karibu kila uharibifu utakaoukuta umetokana na kuutenganisha mwili huo, na karibu kila kazi iliyoelezwa hapa ni ya kuuunganisha tena.

Hatua ya 1: Usome mto kabla ya kuugusa

Anza na ramani za zamani na picha zilizopigwa kutoka angani. Nchi nyingi zilipigwa picha za ndege katikati ya karne ya 20, mara nyingi kabla mito yao haijanyooshwa, na picha za setilaiti za Landsat zipo tangu mwaka 1972 na hupatikana bure. Ziweke juu ya picha ya leo. Utaona kona zilizokatwa, vidimbwi vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyobaki pale mto ulipohama, na mikondo ya zamani ambayo sasa ni mashamba. Wakati wa kiangazi mikondo hiyo hujionyesha hata ukiwa umesimama palepale: ni mistari ya nyasi zilizobaki kijani wakati kwingine kote kumekauka.

Kisha waulize wazee wanaoishi kando ya mto, lakini uliza maswali yenye majibu. Ukiuliza “mto ulikuwaje zamani?” utaambiwa ulikuwa mzuri. Uliza maji yalifika mti gani, yalikaa siku ngapi, yalikuwa meusi au mekundu, samaki gani walitoka nayo na walivuliwa wapi yalipokuwa yanapungua. Nimekuta majibu ya wavuvi yakilingana na vipimo kwa tofauti ya sentimita chache.

Shahidi wa tatu ni udongo, na huyu hasahau. Chukua keekee ya mkono ya kutobolea udongo, ushuke mita mbili hadi tatu, ukilaza kila kipande cha udongo chini kwa mpangilio kilivyotoka. Juu utaona kahawia. Ukishuka kidogo yanaanza madoa ya rangi ya kutu, hasa pembeni mwa vijia vya mizizi. Chini zaidi udongo unakuwa wa kijivu au wa buluu hafifu, unanata, na wakati mwingine unanuka kama yai bovu. Ule wa kijivu ulikaa ndani ya maji bila hewa kwa muda mrefu. Yale madoa ya kutu ni mahali maji yalipokuwa yakipanda na kushuka, chuma kikipata hewa na kuikosa. Madoa yakianzia sentimita 30 kutoka juu, halafu maji ya leo, hata msimu wa mvua, unayakuta kwenye mita mbili na nusu, umeshika mkononi ushahidi kwamba maji ya ardhini yameshuka zaidi ya mita mbili. Ukipata pia makombe ya konokono wa majini au tabaka jeusi la mimea iliyooza nusu, hapo palikuwa kinamasi. Toboa mashimo kumi au kumi na tano kwa mstari kutoka ukingoni hadi mwisho wa uwanda, utakuwa umepata historia ambayo hakuna ofisi iliyoiandika.

Mwisho tembea mto mzima unaoshughulika nao mara mbili, kiangazi na wakati umejaa. Usikubali kupanga kazi kwa kuuona msimu mmoja.

Hatua ya 2: Tafuta kilichouvunja

Chukulia mto uliokuwa unapinda kwa urefu wa kilomita 30 na kuteremka mita 6 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mteremko wake ni sentimita 20 kwa kilomita. Ukinyooshwa ukabaki kilomita 18, mita zile zile 6 zinateremkwa kwa njia fupi, na mteremko unakuwa sentimita 33 kwa kilomita. Maji yanapata kasi na nguvu ya kukwangua. Sakafu ya mto inachimbika, kingo zinabaki ndefu na kuporomoka, na uwanda unaachwa juu kama kibaraza. Mwaka 1955 mhandisi Mmarekani Emory Lane aliueleza uhusiano huu kama mizani: upande mmoja wingi na ukubwa wa mchanga unaobebwa, upande wa pili wingi wa maji na mteremko. Ukigusa kimoja, mto utahangaika mpaka vingine visawazike. Ndiyo maana ngazi ya mchimbiko, yaani mporomoko wa ghafla kwenye sakafu ya mto, inayoanzia pale mto uliponyooshwa hupanda kuelekea juu mwaka hadi mwaka, ikifika hata kwenye vijito ambavyo hakuna aliyevigusa.

Vyanzo vingine si vigumu kuvitambua ukishajua pa kutazama. Matuta yaliyojengwa kingoni huzuia maji kutoka. Bwawa lililo juu hukata mafuriko na kubakiza mchanga, kisha maji yanayotoka bila mzigo hukwangua sakafu ya mto chini yake. Uchimbaji wa mchanga hufanya hivyo hivyo kwa haraka zaidi. Mitaro ya kukausha mashamba huunyonya uwanda kutoka ndani. Mifugo inayoshuka mahali popote huvunja kingo. Mara nyingi utakuta sababu tatu au nne kwa pamoja, nawe inabidi uzipange: ipi ikiachwa itaharibu kazi nyingine zote? Kama mchanga bado unachotwa kilomita mbili chini yako, acha kila kitu ushughulikie hilo kwanza, maana shimo lile litapanda hadi kwako.

Hatua ya 3: Kaeni na watu wa mto

Kuufufua uwanda maana yake ni kuruhusu maji yafike ardhi ambayo mtu analima, analisha au anaishi. Neno hilo liseme mapema na kwa lugha iliyo wazi. Andaa ramani inayoonyesha maji yatafika wapi katika mwaka wa kawaida, mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa mafuriko makubwa, na yatakaa siku ngapi. Ipeleke kwa kila mwenye ardhi, na umsindikize hadi shambani kwake uweke kijiti pale maji yatakapofikia. Kijiti kimoja kina maana kuliko karatasi kumi.

Baada ya hapo ndipo yanakuja makubaliano: kununua ardhi, kubadilishana viwanja, kulipa fidia ya kila mwaka maji yakiingia, au kubadili matumizi kutoka kilimo cha jembe kwenda malisho ya msimu, ukataji wa matete na uvuvi. Tafuta vibali vya mamlaka ya maji na ya mazingira kabla mashine haijafika, na upate mhandisi wa kuthibitisha kwamba kazi yako haipandishi maji kwenye nyumba, daraja au barabara ya mtu yeyote, juu wala chini. Kwenye hilo usiridhike na makadirio.

Swali la mbu litaulizwa, na linastahili jibu la kweli. Maji mafupi yaliyotuama huzaa mbu. Madimbwi yanayofikiwa na samaki, yenye kereng’ende na mende wa majini, huzaa wachache zaidi kuliko mtaro uliokufa, lakini si kwamba hayazai kabisa. Kwa hiyo sehemu za maji mafupi zipange mbali na makazi.

Uholanzi wanaonyesha jinsi mazungumzo haya yanavyowezekana hata penye watu wengi. Maji ya Rhine na Maas yalipopanda mwaka 1993 na tena 1995, watu takriban 250,000 walihamishwa mara ya pili. Badala ya kupandisha matuta tu, nchi hiyo iliamua kuupa mto nafasi. Katika maeneo zaidi ya 30 matuta yalisogezwa nyuma, uwanda ukashushwa na njia za pembeni zikachimbwa, ili Rhine iweze kupitisha mita za ujazo 16,000 kwa sekunde kwa usalama. Familia zilizokuwa ndani ya nafasi hiyo zilihama au zilijengewa vilima vya kuweka nyumba juu.

Hatua ya 4: Pima, angalau mwaka mzima

Vipimo vitano vinatosha kuanza, na vyote vinaweza kufanywa na watu wa kawaida waliofundishwa vizuri.

Cha kwanza ni umbo la mto kutoka ukingo hadi ukingo, kila mahali mto unapobadilika. Mashine ya kupimia usawa ndiyo bora, lakini mpira wa maji wanaotumia mafundi ujenzi hufanya kazi kwenye mito midogo. Cha pili ni kimo cha maji: simika ubao wenye alama za sentimita mahali pasipofikiwa na magogo yanayoelea, na mtu mmoja ausome kila siku saa ile ile. Cha tatu ni maji ya ardhini. Zamisha mabomba ya plastiki yenye matundu kwenye yale mashimo uliyotoboa, funga juu, na kila wiki shusha kamba yenye uzito upime maji yako wapi.

Cha nne ni kiasi cha maji yanayopita. Tupa chupa iliyojazwa maji nusu, ipime inatumia sekunde ngapi kupita mita 20 zilizonyooka, rudia mara kumi. Gawa mita 20 kwa sekunde hizo upate kasi ya usoni mwa maji, izidishe kwa 0.85 upate kasi ya wastani, kisha zidisha kwa eneo la mkato wa mto, yaani upana mara kina cha wastani. Cha tano ni viumbe: samaki, ndege, vyura, mimea, kabla hujafanya lolote, maana bila picha ya “kabla” hutaweza kumwonyesha mtu “baada”.

Ukishavipata, jiulize swali moja lililo mama wa mengine: mto huu unatoka kingoni mara ngapi? Mto wenye afya wa nyanda za chini, kwa wastani, hujaa hadi mdomoni na kumwagika karibu kila mwaka au miaka miwili. Uliochimbika unaweza kukaa miaka 10 au 20 bila kutoka. Tofauti ya kimo kati ya maji ya kila mwaka na uso wa uwanda ndiyo namba utakayoifanyia kazi. Iandike kubwa ukutani.

Hatua ya 5: Chagua tiba ndogo kuliko zote itakayoponya

Kama mto bado una nguvu na mchanga, wakati mwingine kinachotakiwa ni kuacha tu: kuacha kuuzibua kila mwaka, kuacha kutoa magogo, kuacha kulima hadi ukingoni. Mto utaanza kujikunja wenyewe. Kwenye mto mvivu wenye mteremko mdogo sana hilo linaweza kuchukua miongo mingi, kwa hiyo hapo utausaidia.

Tofauti ya kimo ikiwa ndogo, tuseme chini ya nusu mita, toa tuta au lipasue, na uzibe mitaro. Ikiwa kubwa kiasi na mkondo wa zamani bado upo, urudishe mto kwenye mkondo huo. Ikiwa kubwa sana na mkondo umepotea, kuna njia mbili: kuiinua sakafu ya mto au kuushusha uwanda. Kuinua hurudisha maji ya ardhini kwa eneo pana. Kushusha hutoa udongo mwingi ambao lazima uende mahali, na hufaa pale ambapo jirani hawezi kukubali maji yapande. Ipo pia njia ya kuujaza mfereji wote na kuyaacha maji yajichagulie njia nyingi juu ya uwanda, kama mito mingi ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Naipenda sana njia hiyo, ila inahitaji bonde lisilo na barabara wala nyumba ndani yake.

Kama tatizo ni bwawa lililo juu, tiba ni mazungumzo ya kufungulia maji. Nchini Kameruni bwawa la Maga, lililojengwa mwaka 1979, lilikausha sehemu kubwa ya uwanda wa mto Logone. Mwaka 1994 njia ya maji iliyokuwa imezibwa ilifunguliwa kwa majaribio, na nyasi za kudumu zilizokuwa zimepotea zikaanza kurudi. Moritania nayo, baada ya bwawa la Diama la mwaka 1986 kuikatia delta ya mto Senegal mafuriko yake, ilianzisha hifadhi ya Diawling mwaka 1991 na kuanza kuingiza mafuriko ya kupangwa mwaka 1994. Sehemu zote mbili zinafundisha jambo lile lile kuhusu maji ya kufunguliwa: yafike msimu wake, yapande polepole, na hasa yashuke polepole. Lango likifungwa ghafla, samaki wachanga hubaki kwenye nyasi na kufa.

Hatua ya 6: Kazi ya mashine

Chimba kiangazi, nje ya maji. Mkondo mpya uchimbwe wote ukiwa mkavu, ukiacha kizuizi cha udongo juu na chini, na ikiwezekana uachwe msimu mmoja mimea ishike kingo zake kabla ya kuyaruhusu maji. Ukiyaingiza siku ile ile, mvua ya kwanza itaubeba udongo mbichi na kuufukia mto chini yako.

Vipimo vya kona vinatokana na upana wa mto wenyewe. Kwenye mito mingi inayopinda, umbali kutoka kona moja hadi nyingine inayoelekea upande ule ule ni mara 10 hadi 14 ya upana, na nusu kipenyo cha kona ni mara 2 hadi 3. Mto wa mita 12 basi utakuwa na kona ya upande ule ule kila mita 120 hadi 168, na kona zenye nusu kipenyo cha mita 24 hadi 36. Lakini namba hizi zisikufanye uchore mawimbi yanayofanana kama michoro ya kitambaa. Picha za zamani ndizo zitangulie. Kama kona moja ilikuwa kali na inayofuata pana, irudishe hivyo. Upande wa nje wa kona uwe wima na wenye kina, ndipo ndege mdiria wanapotoboa viota. Upande wa ndani ulale taratibu uwe fungu la mchanga.

Fanya mkondo mpya uwe mdogo kuliko unavyodhani. Huu ndio ushauri ambao madereva wa mashine huupinga kila mara, kwa sababu wamezoea mfereji unaomeza maji yote. Wewe unataka mto unaomwagika. Kina kikizidi kwa nusu mita, umetumia fedha zote kutengeneza mfereji mwingine wenye kona.

Udongo unaotoka, ujaze mfereji wa zamani. Tabaka la juu lenye mbegu litengwe, lirudishwe juu mwishoni. Usiuache udongo umelala kando ya mto hata kwa “muda mfupi”, kwa sababu rundo hilo ni tuta jipya, na nimeona matuta ya namna hiyo yakiota miti. Katika kuufufua mto Kissimmee huko Florida, udongo uliokuwa umerundikwa pembeni ndio uliotumika kuufukia mfereji. Mto huo wa kilomita 166 ulifanywa mfereji wa kilomita 90 wenye kina cha mita 9 kati ya mwaka 1962 na 1971, na ndege wa majini waliokuwa wakija majira ya baridi walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kazi ya kuurudisha ilianza 1999 na kukamilika 2021, baada ya kufukia takriban kilomita 35 za mfereji. Kuharibu kulichukua miaka 9, kurekebisha sehemu tu ya uharibifu miaka 22.

Magogo ni rafiki wa mto. Laza miti mizima, ikiwa na mizizi yake, sehemu kubwa ya shina ikizikwa ukingoni na mizizi ikitokeza majini. Maji huchimba shimo nyuma yake, samaki hupata kivuli, na mchanga hujipanga. Epuka kumwaga mawe makubwa kwenye mto ambao kwa asili sakafu yake ni mchanga na tope. Mawe hayo ni ya mto mwingine.

Kabla ya kuyaingiza maji mapya, vua samaki, kobe na kombe walio kwenye mfereji unaofukiwa uwahamishe. Osha mashine zilizotoka mto mwingine, maana vipande vya magugu maji na mayai ya viumbe vigeni husafiri kwenye minyororo ya magurudumu yake.

Kuhusu kupasua matuta, kuna kosa nililolifanya ambalo sitaki mtu alirudie. Tulifungua tuta upande wa juu peke yake, tukidhani maji yataingia na kujitawanya. Yaliingia kwa kishindo, yakamwaga mchanga juu ya nyasi, kisha yakafungiwa nyuma ya tuta la chini bila pa kutokea. Maji yalipopungua mtoni, uwandani yalibaki sahani pana ya maji ya moto, imejaa vitoto vya samaki vikihema kwa kinywa juu ya uso. Korongo walimaliza wote kwa siku nne. Anza kufungua upande wa chini, mahali ambapo mkondo wa zamani ulikuwa unarudi mtoni. Hapo maji yatapanda kinyumenyume kwa utulivu, na samaki watapata mlango wa kutokea. Mlango wa juu ufungue baadaye, kwa kimo cha juu kidogo, na sakafu ya uwanda kati ya milango hiyo miwili iwe na mteremko unaoendelea, bila shimo lisilo na njia.

Tahadhari nyingine moja ihusu mashamba yaliyowekwa mbolea miaka mingi. Mafuriko ya kwanza hutoa fosforasi iliyolala kwenye udongo, na mimea iliyozama ikioza humaliza hewa ya majini, maji yakawa meusi na samaki wakafa. Kata na uondoe nyasi na mabua kabla ya mafuriko ya kwanza, na penye rutuba iliyopita kiasi ondoa sentimita 20 hadi 30 za juu.

Hatua ya 7: Makazi ya uwanda

Uwanda wa mafuriko si tambarare kama meza. Tofauti ya sentimita 20 hubadilisha nani anaota wapi, kwa sababu inabadilisha siku ambazo maji hukaa. Kwa hiyo usisawazishe. Acha matuta madogo, mifereji ya zamani, mabonde na vilima.

Ziba mitaro ya kukausha kwa vizibo vya udongo mzito ulioshindiliwa, kimoja kila mahali maji yanaposhuka kwa sentimita 20 hivi, badala ya kizibo kimoja kikubwa mwishoni ambacho kitabebwa. Athari yake utaiona kwenye mabomba yako ya maji ya ardhini ndani ya msimu mmoja. Denmark, ambako mto Skjern ulinyooshwa miaka ya 1960 na maelfu ya hekta kukaushwa, udongo uliokauka ulianza kutoa chuma na kuyafanya maji yawe na rangi ya kutu. Kati ya 1999 na 2002 kilomita 19 za mfereji zilirudishwa kuwa kilomita 26 za mto unaopinda, na hekta zipatazo 2,200 zikarudi kuwa bonde lenye maji.

Madimbwi yawe mengi na yasifanane. Mengine yaungane na mto kila mwaka, mengine yafikiwe na mafuriko makubwa tu, na machache yakauke kabisa kila kiangazi. Haya ya mwisho watu huyaona kama kazi iliyoharibika, kumbe ni hazina: hayana samaki, kwa hiyo vyura hutaga na watoto wao hukua bila kuliwa. Kona iliyokatwa na mto na kujaa tope usiichimbue yote. Chimbua nusu, nusu iache iwe kinamasi cha matete.

Sasa ndiyo zamu ya mimea, na ushauri wangu ni kungoja. Maji yakirudi, mbegu zilizolala ardhini na zile zinazoelea huota zenyewe, zikijichagulia kimo kinachozifaa. Subiri misimu miwili. Mahali ambapo hakuna kilichoota, panda miti inayoishi kwenye mafuriko ya eneo hilo kwa vipandikizi vilivyozamishwa hadi vifikie maji ya ardhini, na ipande kwa makundi. Magugu vamizi ndiyo usiyangojee: gugu maji huenea upesi kwenye maji yaliyotuama, na kichaka cha miiba kiitwacho kitaalamu Mimosa pigra hupenda udongo ulioguswa. Pita kila mwezi mwaka wa kwanza, ng’oa kila mche ukiwa na urefu wa kidole.

Mifugo haihitaji kufukuzwa. Malisho ya wastani baada ya maji kushuka huzuia matete yasimeze nyasi fupi ambazo ndege wa maji mafupi na bata wanazihitaji. Weka njia moja au mbili za kunywea zilizotandikwa kokoto, zungushia uzio sehemu zilizobaki za ukingo, na kubalianeni tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Hatua ya 8: Baada ya maji kurudi

Chagua pointi ishirini, simika nguzo, na upige picha kutoka kila nguzo kwa upande ule ule mara nne kwa mwaka. Endelea kusoma ubao wa maji na mabomba. Rudia hesabu ya samaki na ndege kila mwaka kwa mbinu ile ile uliyoanza nayo, hata kama umepata mbinu bora zaidi. Hiyo bora iongeze pembeni.

Tegemea mambo yaje kwa kupishana. Maji ya ardhini hupanda ndani ya miezi. Kereng’ende na ndege wa maji mafupi huja mwaka wa kwanza, samaki wanaotaga uwandani huonekana mafuriko ya pili au ya tatu. Msitu wa ukingoni unahitaji miaka 20 na zaidi, na wafadhili waelezwe hivyo tangu siku ya kwanza ili wasije wakakata tamaa mwaka wa tatu.

Na mto utahama. Mafuriko ya kwanza makubwa yatakula ukingo mmoja, yatajenga fungu la mchanga upande wa pili, na gogo ulilolipanga kwa uangalifu utalikuta mita 200 chini. Simu zitapigwa zikidai mawe na mashine. Nenda na kamba ya kupimia. Pima kutoka ukingo uliokatika hadi nyumba, barabara au shamba lililo karibu, andika tarehe, rudi baada ya mafuriko yanayofuata upime tena. Kama umbali uliobaki ni mkubwa kuliko utakavyoliwa kwa miaka 10 kwa mwendo huo, uache mto uendelee. Kama ni mdogo, zika magogo na panda vipandikizi kwa wingi chini ya ukingo huo tu, na uuache upande wa pili huru, ili mto ubaki na mahali pa kwenda.